Vikaratasi vya Bi Pini

Masjala ya idara ilikuwa chumba kirefu kilichozama nusu ardhini, madirisha yake yakiwa usawa wa miguu ya wapita njia. Aliyefanya kazi humo aliwajua wenzake kwa viatu. Bi Pini alikuwa amekaa humo miaka thelathini na moja, na bila kuinua uso aliweza kukuambia kwamba Mkuu wa Idara amechelewa tena leo, na kwamba soli yake ya kushoto imeanza kuachama.

Jina hilo la Pini alipewa na makarani wa zamani, enzi karani alipokuwa bado mtu wa kuogopwa. Idara ile hutunga kanuni za afya: kisima kiwe umbali gani na machinjio, bweni liwe na madirisha mangapi, kinyozi achemshe vifaa vyake kwa muda gani. Kanuni haikai ilivyozaliwa. Kila Ijumaa lilikuja gazeti la serikali, na ndani yake matangazo mafupi ya marekebisho: katika aya ya tatu futa hili, weka lile. Bi Pini alichukua mkasi, akakata tangazo likawa kikaratasi cha upana wa vidole viwili, akafungua jalada la kanuni inayohusika, akakibana kwa pini mbili pembeni mwa aya yenyewe. Aliyefungua jalada aliona la zamani na jipya kwa pamoja. Masjala nyingine zilitumia gundi. Yeye aliikataa, kwa sababu, alisema, mende huila gundi, na akishaimaliza huhamia kwenye sheria.

Hiyo ilikuwa kazi, na ilikuwa na heshima yake. Karani mpya alibeba majalada miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kushika mkasi. Alifundishwa kukata bila kugusa herufi na kubana bila kutoboa neno. Leo mtu hupewa cheti baada ya semina ya siku mbili yenye soda na biskuti, na cheti chenyewe kina makosa ya chapa. Waliojua kazi wamestaafu, wengine wako makaburini, na hakuna aliyewauliza lolote walipokuwa wakitoka mlangoni.

Mwaka aliofariki mume wa Bi Pini, idara ilileta watu wa mkataba kuingiza nyaraka zote kwenye kompyuta. Bi Pini alikuwa likizo ndefu ya msiba. Skana haipendi chuma, kwa hiyo wale watu walikaa wiki saba wakichomoa pini, mpaka wakajaza makopo mawili ya rangi. Kurasa wakazipiga picha kivyake, vikaratasi wakavipiga picha kivyake, kisha karatasi zote zikatiwa kwenye magunia na kupelekwa ghalani, ambako mvua ya kwanza ilizikuta chini ya bati lililotoboka. Bi Pini aliporudi alikuta rafu tupu, zimefutwa vumbi, na makopo mawili juu ya meza yake. Hakulia. Alikuwa ameshalia kwingine.

Baadaye ikaja mashine. Haikuwa mashine ya kushikika. Ilikuwa programu ndani ya kompyuta, ya aina ile inayojifunza kwa mifano. Ukiionyesha kanuni mia za visima, ya mia na moja itaitambua yenyewe. Aliyeileta alikuwa binti mmoja mkimya, mwenye miwani mikubwa, ambaye makarani walimwita Injinia kwa kuwa hakuna aliyekielewa cheo chake. Mashine ilizisoma kurasa elfu arobaini kwa siku tatu, ikazipanga: visima huku, shule huku, masoko huku. Bi Pini aliijaribu siku moja, Injinia akiwa ameenda kula. Aliiuliza jambo ambalo yeye lingemchukua asubuhi nzima, nayo ikajibu kabla hajaondoa kidole. Hilo lilimuuma kuliko yale makopo.

Lakini vikaratasi, vyote elfu tatu mia moja na kumi na viwili, mashine haikujua pa kuviweka. Havikuwa na kichwa wala miguu. Ikavitupa vyote kwenye fungu moja lililoitwa Mengineyo, na hapo vikakaa mwaka mzima bila kusumbua mtu.

Siku vilipoanza kusumbua, Bi Pini alikuwa nyumbani, Jumamosi, akianua nguo. Uani kwake ndipo wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alipoendesha kituo cha kulea watoto wadogo. Watoto ishirini na sita waliletwa alfajiri na mama zao, wengi wao wafagiaji na wafungashaji kiwandani, na kuchukuliwa jioni. Wifi alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kusikika mitaa miwili, na mawifi hawa wawili walikuwa wamegombana kila siku kwa miaka ishirini bila kuchokana.

Siku hiyo uani alikuwapo Bwana Afya, ofisa wa ukaguzi, akivuta futi kamba kutoka mlango wa choo hadi kisimani.

"Kumi na nane na nusu," alisema. "Zinatakiwa thelathini."

"Futi yako imenywea," Wifi alisema. "Ipige pasi."

"Mama, mimi sikuitunga." Bwana Afya akamgeuzia kishikwambi chake. "Soma mwenyewe. Vituo vya kulea watoto, umbali kati ya choo na kisima usipungue mita thelathini. Una siku kumi na nne. Uhamishe choo, uhamishe kisima, au ufunge."

"Nihamishe kisima? Nikibebe kichwani?"

Bi Pini aliacha nguo kwenye kamba. "Bwana Afya, kanuni hiyo ilibadilishwa zamani. Viwanja vya mjini ni vidogo, wakaona kwamba choo kikijengewa shimo la saruji, kama hiki chetu, kumi na tano zinatosha. Marekebisho niliyabana mwenyewe."

"Uliyabana wapi, mama? Nionyeshe hapa." Akamkabidhi kishikwambi.

Bi Pini alikipokea. Aya ya tatu ilikuwa inang'aa, safi, pembeni mwake peupe. Akakirudisha.

Bwana Afya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kizazi kilichofundishwa kwamba kisichokuwamo kwenye kioo hakipo. Aliandika notisi, akaomba radhi, akaondoka akiwakwepa watoto wawili waliokuwa wamempanda viatuni.

"Sasa wewe," Wifi alimgeukia, "miaka yote unajigamba umeshika sheria za nchi nzima. Umeziweka wapi?"

Jumatatu Bi Pini aliingia ofisini kwa Mkuu wa Idara kabla mwenyewe hajavua koti.

"Bi Pini, mimi nakuheshimu," Mkuu alisema baada ya kumsikiliza. "Lakini kituo ni cha nani?"

"Cha wifi yangu."

"Kiko wapi?"

"Uani kwangu."

"Haya. Sasa nikimwandikia Bwana Afya kwamba karani wangu anakumbuka, yeye atasema nini? Na wewe ungekuwa yeye ungesema nini?"

Bi Pini alijua kwamba angesema vilevile.

"Niletee nakala ya gazeti lenyewe, lenye tangazo zima na jina la kanuni. Siku hiyohiyo naweka sahihi."

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Magazeti ya idara yote yalikuwa yamekatwakatwa kwa mkasi wa Bi Pini mwenyewe. Nakala kamili zilikuwa Nyaraka Kuu, mji mwingine, na Nyaraka Kuu hawapekui: unawaandikia namba ya gazeti na tarehe yake, barua moja namba moja, na jibu huja baada ya wiki. Namba na tarehe zilichapwa kwa herufi ndogo chini ya kila kikaratasi. Alichohitaji ni kujua ni kikaratasi kipi.

Kwa mara ya kwanza tangu Injinia aajiriwe, Bi Pini alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Binti alimvutia kiti, akaandika maneno machache, na kwenye kioo vikajipanga vikaratasi arobaini na sita. Vyote vilisema kitu kimoja: katika aya ya tatu, futa "thelathini", weka "kumi na tano". Vingine vilikuwa vya siku za kulipa ada, vingine vya idadi ya vitanda, vingine vya mita. Vilifanana kama watoto wa tumbo moja.

"Kimojawapo ni chako, mama," Injinia alisema. "Ila sijui kipi. Mwongozo wa masjala nimeusoma. Unasema kila kikaratasi kiandikwe namba ya kanuni yake kabla ya kubanwa. Hivi havina namba hata kimoja." Akaisukuma miwani juu ya pua. "Nani alikuwa anavikata?"

Bi Pini aliangalia dirishani. Kule juu mtu aliona paa na mawingu, viatu havikuonekana.

"Mimi."

"Mbona hukuandika?"

"Pini ilikuwa inatosha."

Alipoyasema alisikia yalivyo. Kwa mwaka mzima alikuwa amewalaani watu wa skana asubuhi na jioni. Hakuwahi kufikiri kwamba kosa lilianza kwenye mkono wake, mkono uliojiamini kiasi cha kudhani kwamba kitu alichokibana hakitachomolewa. Waliomfundisha waliandika namba. Aliacha yeye, mwaka wa nne wa kazi, kwa sababu ilimchelewesha.

Injinia hakucheka, wala hakusema "ndiyo maana". Alikikuza kikaratasi kimoja mpaka kikajaa kioo, labda ili tu wote wawili wapate pa kutazama. Ndipo Bi Pini akainama.

"Hivi vidoa ni nini?"

"Uchafu. Mashine nimeifundisha ivipuuze."

"Uchafu wapi! Hii ni kutu. Masjala ina unyevu, na pini za serikali zilikuwa za bei ya chini. Baada ya masika moja zilianza kulia." Akagusa kioo. "Pini hupita kwenye kikaratasi, hupita na kwenye ukurasa. Doa lililo hapa, pacha wake yupo kwenye ukurasa wake. Mbili hapa, mbili kule, nafasi ileile, mlalo uleule."

Injinia alivua miwani. "Mama, rudia polepole."

Akarudia. Binti akaanza kuandika kwenye karatasi, kwa kalamu, jambo ambalo Bi Pini hakujua kwamba watu wa ghorofa ya tatu hulifanya.

"Mashine inaweza kujifunza hilo," Injinia alisema hatimaye. "Lakini sina jinsi ya kuieleza kwa maneno. Lazima ioneshwe. Nahitaji jozi mia tatu, kikaratasi na ukurasa wake, ambazo wewe una hakika nazo. Pasipo hakika, usinipe."

"Nitazipata. Zipo zinazotaja mambo ambayo hayapo kwingine. Kinyozi ni mmoja tu, machinjio ni moja tu."

Walikaa siku nne bega kwa bega. Bi Pini alileta mto wake wa kukalia. Jozi zilizojitaja zenyewe alizimaliza siku mbili za kwanza. Zilizobaki alizitafuta kwa vidoa, pua yake ikikaribia kugusa kioo, mpaka macho yakamwaga machozi. Jioni ya siku ya tatu mashine ilijaribiwa kwa jozi ambazo haikuwa imeoneshwa, nayo ikajikaza kisabuni: ikamwozesha kinyozi kwa machinjio, na bweni la wasichana ikaliunganisha na ghala la mbolea.

"Hiyo nayo imesoma semina," Bi Pini alisema.

Injinia alicheka mpaka akashika meza. "Inakosea wapi? Angalia hii."

"Hilo siyo kutu, hiyo ni chai. Kutu ina ukingo mweusi na katikati pametoboka. Chai husambaa, haina nidhamu. Na hii hapa siyo yangu, ni ya karani aliyenishikia nilipokuwa likizo, yeye alibana pini moja, wima. Mimi natumia mkono wa kushoto, pini zangu zinalala hivi." Akalaza kidole.

Injinia akatenga chai na kutu. Akatenga mkono wa Bi Pini na mkono wa aliyemshikia. Katikati ya kazi aliuliza pia mambo yasiyohusu: mlikuwa mnakata vipi bila kugusa herufi, mkasi ulikuwa wa namna gani, kwa nini majalada mengine yalikuwa mekundu. Bi Pini alijibu kwa mkato mwanzoni. Kufikia siku ya nne alikuwa anajibu kwa urefu, na binti alikuwa ameacha kuandika anasikiliza tu. Mambo hayo hakuna aliyewahi kumuuliza kwa miaka kumi na mitano.

Ijumaa asubuhi waliirudisha mashine kwenye vile vikaratasi arobaini na sita. Iliwaza kwa dakika nzima. Kisha ikaleta kimoja, pembeni mwake ukurasa wa kanuni za vituo vya kulea watoto, na juu yake tarakimu: tisini na saba kwa mia.

"Maana yake?"

"Maana yake haina hakika kamili. Inasema mara tatu katika mia ingekuwa imekosea."

"Afadhali," Bi Pini alisema. "Binadamu wa jengo hili wote wana hakika."

Alivitazama vile vidoa kwa muda mrefu, kulia na kushoto. Vililala mlalo wake. Lakini alikuwa ameshajifunza kutojiamini sana, akamwambia Injinia avipime tena kwa njia nyingine, na binti akavipima kwa rula ya kwenye kioo, nafasi kwa nafasi. Vilikubaliana. Mchana barua ikaondoka kwenda Nyaraka Kuu ikiwa na namba moja ya gazeti na tarehe moja. Zilibaki siku nane. Kama namba ni nyingine, hakukuwa na wiki ya pili ya kuandika barua ya pili.

Kungoja kulikuwa kubaya kuliko kazi. Nyumbani Wifi aliacha mizaha, na nyumba ile bila mizaha yake ilikuwa kama imehamwa. Siku ya kumi aliwaambia akina mama watafute pengine pa kuwaweka watoto. Mmoja, mfagiaji wa barabara, aliuliza pengine ni wapi. Wifi aliingia ndani akaanza kukunja mikeka ambayo ilikuwa bado inatumika. Siku ya kumi na mbili watoto walikuwa kumi na tisa.

"Niambie ukweli," alimwambia Bi Pini jikoni. "Hiyo kompyuta yenu inaijua kazi?"

"Haikuwa inaijua. Tumeifundisha."

"Na wewe, wifi, unaijua?"

"Nilidhani naijua yote. Sasa naijua vizuri zaidi."

Wifi alimtazama kwa mshangao, kwa kuwa katika miaka ishirini hakuwahi kumsikia akikiri upungufu wa aina yoyote. Akamwekea chai mbele yake, na hawakugombana tena siku hiyo.

Bahasha ilifika siku ya kumi na tatu, saa tano asubuhi. Mkuu wa Idara hakumwita mtu. Aliteremka nayo masjala mwenyewe, imeshafunguliwa, Injinia akimfuata nyuma. Akaiweka mezani. Ilikuwa nakala ya gazeti, ukurasa mzima ambao mkasi haukuwahi kuugusa: jina la kanuni, vituo vya kulea watoto, na sharti la choo chenye shimo lililojengewa kwa saruji, vyote kwenye kichwa ambacho Bi Pini alikuwa akikiacha nje ya kikaratasi, kisha aya ya tatu, futa thelathini, weka kumi na tano, sahihi ya waziri ambaye watu walishamsahau.

"Nimemwandikia Bwana Afya," Mkuu alisema. Lakini hakuondoka. "Bi Pini, vikaratasi kama hivi viko vingapi?"

"Elfu tatu mia moja na kumi na viwili."

"Ina maana wakaguzi wangu wanazunguka na sheria zilizokwisha kufutwa?"

"Ndiyo, Mkuu. Mwaka wa pili sasa."

Mkuu alivuta kiti cha wageni, akakaa kizito. Yapo mambo ambayo wakubwa wa siku hizi hawayafanyi, na mojawapo ni kukaa masjala. Alitaka kujua kazi hiyo ingechukua muda gani. Injinia alisema miezi minne, kama Bi Pini atakuwapo kuikosoa mashine. Bi Pini alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Alisema atakuwapo, kwa sharti kwamba kila kikaratasi kikipata ukurasa wake kiandikwe namba ya kanuni, kwa herufi kubwa, na asiwepo wa kumwambia kwamba inachelewesha. Mkuu alikubali, na kabla ya saa sita akawatumia wakaguzi wote agizo kwamba mpaka kazi itakapokwisha, hakuna kufunga mahali popote kwa umbali au idadi bila kuuliza masjala kwanza.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne Bwana Afya alifika mapema. Nje ya geti akina mama walikuwa wamesimama na watoto wao, hata wale saba waliokuwa wameondoka. Habari ilikuwa imewafikia, lakini Wifi alikataa kufungua mpaka aone kwa macho yake. Bwana Afya aliwasha kishikwambi. Pembeni mwa aya ya tatu sasa kilikuwapo kikaratasi, na vidoa vyake viwili vya kahawia. Akafunika notisi yake kwa mhuri wa kufuta, akainama kisimani akamulika kwa tochi.

"Umbali hauna tatizo," alisema. "Lakini kifuniko cha pampu kimepasuka. Nawapa mwezi mmoja mkitengeneze."

"Mnaona?" Wifi alipaza sauti, mitaa miwili ikasikia. "Kashindwa kwenye choo sasa kahamia kwenye kifuniko! Hicho nacho kitakuwa kimefutwa. Wifi, mwambie kimefutwa!"

"Hakijafutwa," Bi Pini alisema. "Aya ya tano. Na yuko sahihi, maji machafu yanaingilia hapo."

"Kwani wewe uko upande wa nani?"

"Wa watoto wanaoyanywa."

Wifi alisogea kisimani. Akakitazama kifuniko, akakisukuma kwa ncha ya kandambili, kipande kikalegea. Akaguna. Kisha akafunga kanga yake vizuri, akaenda kufungua geti, na mtoto wa kwanza kuingia alimpita mbio, akaelekea moja kwa moja kwenye mikeka.